Kabla Hatujatia Saini: Ardhi ya Baba, Ndovu wa Tsavo na Somo la Hima

Ujumbe wa sauti uliingia saa tisa usiku, nikiwa kwenye chumba cha mapumziko cha wadi yetu hapa Jeddah, kikombe cha chai mkononi. Ulikuwa wa kaka yangu mkubwa. Saa za Jeddah na saa za Voi ni zile zile, kwa hiyo nilishtuka. Mtu wa kijijini akikutumia sauti saa tisa usiku, moyo hukimbilia msibani.

Haikuwa msiba. Kaka alikuwa macho kwa sababu alikuwa analinda mahindi. Nyuma ya sauti yake nilisikia mtu akigonga debe, mbwa wakibweka na vijana wakipiga kelele. "Mdogo wangu," akasema kwa sauti ya chini, "ndovu wako ng'ambo ya korongo. Lakini sikukupigia kwa ajili yao. Kamati ya ranchi imeitisha mkutano mwezi ujao. Kuna mwekezaji anataka kujenga kambi ya watalii, ranchi iwe hifadhi ya jamii. Hisa ya baba inahitaji sauti yetu sote wanne. Wewe unasemaje?"

Mpenzi msomaji, najua wengi wenu mnaijua hali hii. Uko mbali, unatuma pesa kila mwisho wa mwezi, na mara moja moja unaulizwa jambo zito kuhusu ardhi kupitia simu, tena ukiwa kazini. Ukijibu haraka, unaweza kuwafunga watu ambao hawajazaliwa. Ukinyamaza, wengine wataamua bila wewe.

Sikumjibu usiku ule. Nilimwomba anipe wiki tatu, kisha nikaanza kusoma na kuuliza. Nilichojifunza, kingine kutoka kwetu Taita na kingine kutoka jangwani hapa Saudia, ndicho ninachowaletea leo. Huenda nawe una shamba, hisa au kijiji kilicho jirani na wanyama.

Jirani asiyebisha hodi

Nimezaliwa kaunti ya Taita Taveta. Zaidi ya nusu ya kaunti yetu imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizotangazwa mwaka 1948. Sisi tumebanwa milimani na katika vipande vilivyobaki, na vipande vingi kati ya hivyo ni ranchi zenye wanahisa. Katika hesabu ya wanyamapori ya mwaka 2021, Kenya ilikuwa na ndovu 36,280, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa letu la Tsavo.

Kwa mgeni, hiyo ni habari njema. Kwa shangazi yangu ni usingizi uliopotea. Ndovu hula mahindi yakiwa karibu kuvunwa, kana kwamba wana kalenda. Kwa usiku mmoja, kazi ya miezi minne inakwisha. Asubuhi mtoto hawezi kwenda shule mapema kwa sababu hakuna anayejua kundi limelala wapi.

Nilipomaliza diploma yangu ya uuguzi KMTC, kabla sijaenda India kusomea shahada, nilifanya kazi katika hospitali moja ya huko nyumbani. Majeruhi wa kwanza wa ndovu niliyemhudumia aliletwa kwa bodaboda, amekaa katikati ya dereva na shemeji yake. Alikuwa ametoka kuchota maji. Nilifunga jeraha, nikaweka dripu, na muda wote alikuwa akiuliza swali moja: nani atalima msimu huu?

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ilijibu swali lake kwa maandishi. Inataja fidia ya shilingi milioni 5 mtu akiuawa na mnyama, milioni 3 akipata ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Lakini madai mengi yamesubiri kwa miaka, na familia huishi kwa kukopa zikingoja. Ndiyo maana kwetu, mtu akisema "mnyama wa porini ni mali yetu sote", mzee mmoja huuliza: "Mali gani hii ambayo hasara ni yangu na faida ni ya hoteli?"

Swali hilo ndilo kiini cha utalii wa wanyamapori unaomilikiwa na jamii. Wazo lenyewe ni jepesi. Anayeishi na mnyama apate sehemu ya pesa anazoleta mnyama huyo, na awe na sauti katika maamuzi. Akipata hayo mawili, atakuwa na sababu ya kumwacha mnyama apite. Akipata moja tu, mambo huanza kulegea.

Mzee wa Hawta na mbuzi wa milimani

Kabla sijahamia Jeddah nilifanya kazi Riyadh miaka mitatu. Muuguzi mwenzangu, binti wa Kisaudi, alinialika siku moja kwa babu yake katika mji wa Hawtat Bani Tamim, mwendo wa saa mbili hivi kusini mwa Riyadh. Baada ya kahawa na tende, mzee alitutoa nje akatuonyesha milima ya mawe iliyokatwakatwa na mabonde makavu. Huko, akasema, wanaishi wa'al, mbuzi-mwitu wenye pembe ndefu zilizopinda kuelekea mgongoni.

Kiarabu changu ni cha hospitali: wapi panauma, umekula lini, pumua. Lakini nilielewa aliposema kwamba ujanani mwake watu waliwinda kwa kupanda milima kwa miguu. Baadaye yalikuja magari na bunduki zenye nguvu, na mbuzi wale wakaanza kuisha. Mwaka 1988 eneo hilo likawa hifadhi, na walinzi wakachukuliwa kutoka kwa watu wa huko huko. Mzee hakuiita hifadhi. Aliiita hima.

Wakati ule neno hilo lilinipita. Kaka aliponiuliza kuhusu ranchi, nililikumbuka.

Hima ni desturi ya kale ya Uarabuni, ya kabla ya Uislamu. Ni eneo linalotengwa ili majani, miti au maji yasimalizwe. Zamani wenye nguvu walijitengea malisho mazuri, wanyonge wakafukuzwa. Uislamu ulipokuja ukabadilisha kanuni: mtu asijitengee hima kwa faida yake binafsi, iwe kwa manufaa ya umma. Vijiji na makabila yakawa na hima zao. Nyingine zilifungwa kwa mifugo lakini watu wakaruhusiwa kukata majani kwa mkono, nyingine zilifunguliwa wakati wa ukame tu, nyingine zilikuwa kwa ajili ya nyuki msimu wa maua.

Kuna kisa kinachosimuliwa katika Hadithi zilizokusanywa na Bukhari. Khalifa Umar alimweka mtu aliyeitwa Hunay kusimamia hima. Akamwagiza awe mpole kwa watu na aogope dua ya aliyedhulumiwa. Mwenye ngamia wachache na kondoo wachache aruhusiwe kuingia. Matajiri wenye makundi makubwa, na akawataja kwa majina masahaba wawili wakubwa, wasipewe nafasi ya kwanza, kwa kuwa mifugo yao ikifa wana mashamba na mitende ya kurudia. Maskini mifugo yake ikifa, atakuja na watoto wake mlangoni kwa Khalifa kuomba. Kumpa maskini majani na maji, aliona Umar, ni rahisi kuliko kumpa dhahabu na fedha baadaye.

Niliposoma kisa hicho nilimfikiria yule mtu wa bodaboda. Karne kumi na nne zilizopita mtawala alijua kwamba swali la hifadhi si mnyama peke yake wala nyasi peke yake. Ni nani anaingia, nani anazuiwa, na nani ataumia mwaka ukiwa mbaya.

Katikati ya karne ya 20 hima nyingi za Saudia zilifunguliwa kwa kila mtu. Nia haikuwa mbaya, lakini malisho yaliyokuwa na mwenyewe yakawa ya yeyote mwenye lori la kubebea kondoo na tangi la maji. Majani yaliisha, miti ikakatwa. Mali isiyo na mlinzi anayejulikana haikudumu.

Ua peke yake hautoshi

Mtu akisafiri kwa barabara kutoka Riyadh kuja Jeddah, karibu kilomita 950, kabla hajafika Taif anapita nchi tambarare yenye mawe meusi na vichaka vya mgunga. Si mbali na hapo iko hifadhi ya Mahazat as-Sayd, kilomita za mraba 2,244, iliyozungushiwa ua wote mwaka 1989. Ndani yake wako choroa wa Arabuni, yule mnyama mweupe mwenye pembe mbili ndefu ambaye Waarabu wanamwita maha na kumsifu kwa macho yake.

Choroa huyu alimalizwa kabisa porini mwaka 1972, huko Oman. Waliobaki walikuwa ndani ya mazizi na bustani za wanyama, wakiwamo waliokuwa wakizalishwa Phoenix, Marekani. Oman iliwarudisha jangwani mwaka 1982, na Wabedui wa kabila la Harasis wakaajiriwa kuwalinda. Saudia ilianza kuwarudisha Mahazat mwaka 1990. Mwaka 2011 shirika la IUCN lilimtoa choroa katika orodha ya walio hatarini kuangamia na kumweka ngazi moja nafuu zaidi. Kwa mnyama aliyekuwa ametoweka porini, ni kama mgonjwa aliyetoka chumba cha mahututi akarudi wadi ya kawaida.

Lakini kutoka ICU si kupona. Oman, majangili walirudi miaka ya 1990 wakiwakamata choroa ili kuwauza wakiwa hai, na idadi ikaporomoka kutoka 450 mwaka 1996 hadi 65 mwaka 2007. Mwaka huo huo serikali ilipunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90, na UNESCO ikaliondoa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lilikuwa eneo la kwanza duniani kuondolewa.

Mahazat nako ua ulizuia wawindaji, lakini haukuzuia ukame. Zamani mvua ikinyesha mbali, choroa aliifuata. Ndani ya ua hana pa kwenda. Kati ya mwaka 1999 na 2008 mamia ya choroa na swala walikufa humo katika misimu mikavu.

Hapo ndipo jangwa la Saudia na Tsavo vinapokutana. Ukame ukija, mnyama anahitaji nafasi nje ya mstari tuliouchora kwenye ramani, na nafasi hiyo ina wenyewe. Mwaka 2022 Wizara ya Utalii ya Kenya ilitangaza kwamba ndovu 205 walikuwa wamekufa kati ya Februari na Oktoba kwa sababu ya ukame. Waliookoka walitembea, na walipotembea walipita katika ranchi na mashamba yetu. Kwa hiyo hatima ya ndovu wa Tsavo imo mikononi mwa wanahisa kama baba yangu na majirani zake, kama ilivyo mikononi mwa serikali.

Saudia yenyewe sasa inafungua hifadhi zake kwa wageni na kuajiri vijana wa vijiji vya jirani kuwa walinzi, wanawake wakiwamo. Imeweka lengo la kulinda asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo mwaka 2030. Septemba 2023, Kamati ya Urithi wa Dunia ilipokutana Riyadh, eneo la Uruq Bani Ma'arid, pembeni mwa Rub' al-Khali, likawa urithi wa kwanza wa asili wa Saudia katika orodha hiyo. Choroa wapo huko pia, bila ua.

Nyumbani: palipofaulu na palipokwama

Kenya kuna hifadhi nyingi za jamii na za watu binafsi, na zimeenea katika sehemu kubwa ya nchi. Si zote zinafanana.

Il Ngwesi, Laikipia, Wamaasai walifungua nyumba yao ya wageni mwaka 1996. Haikuwa ya mwekezaji aliyewapa kazi ya kufagia, ilikuwa yao. Mwaka 2002 walipata Tuzo ya Equator.

Maasai Mara walifuata njia nyingine. Ranchi zilipogawanywa, kila familia ikapata kipande. Wenye vipande wakaviunganisha na kuzikodisha kambi za watalii. Naboisho, kwa mfano, ilianza mwaka 2010 ikiwa na wamiliki wapatao 500. Kodi hulipwa kwa ekari, moja kwa moja kwa mwenye ardhi, idadi ya vitanda ina kikomo, na ng'ombe wanachunga kwa mpango. Uzuri wake ni kwamba mama anajua kiasi gani kinaingia na lini, awe mtalii amemwona simba au hakumwona. Udhaifu wake tuliuona mwaka 2020. Ndege zilipoacha kuruka kwa sababu ya korona, kambi zilikosa wageni na kodi zikapunguzwa sehemu nyingi.

Samburu, ndani ya hifadhi ya jamii ya Namunyak, kuna kituo cha Reteti kilichofunguliwa mwaka 2016 kulea ndovu yatima. Wanawake wa Kisamburu ni miongoni mwa walezi. Kilichonifurahisha mimi kama muuguzi ni maziwa. Kituo kiliacha kutegemea maziwa ya unga kutoka nje kikaanza kununua maziwa ya mbuzi kutoka kwa wanawake wa vijijini. Ndama wa ndovu ananyonya chupa, na mama mwenye mbuzi wanne analipwa. Hapo pesa ya ndovu haipiti kwanza mikononi mwa kamati ya wanaume.

Kwetu Taita, Sagalla, wakulima wanatundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, kila baada ya mita kumi hivi, ikiunganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Ndovu, kwa ukubwa wake wote, anaogopa nyuki. Si kinga kamili, lakini mkulima anabaki na asali ya kuuza. Nako kwenye ranchi, LUMO ilizaliwa kwa kuunganisha Lualenyi, Mramba na Oza, majina matatu ndani ya moja, wakapata eneo kubwa la kutosha wanyama na wageni.

Tanzania wana mfumo wao, Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori, uliotokana na sera ya mwaka 1998. Vijiji hutenga ardhi, huchagua viongozi wao na kugawana mapato na serikali. Kila mwaka mjadala ni ule ule: kijiji kinabaki na kiasi gani?

Na kuna palipokwama. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za kaunti hiyo zilianzishwa kinyume cha sheria, bila kuishirikisha jamii ipasavyo. Waliofungua kesi walikuwa wakazi wenyewe. Hawakusema wanyama wafe. Walisema ardhi ni yao na hawakuulizwa. Kosa la mwanzo, la kutouliza, liliwafuata wahusika hadi mahakamani.

Maswali saba kabla ya saini

Nikiwa na hayo yote kichwani, nilimwomba kaka anitumie mkataba. Alinitumia picha kumi na tatu za kurasa. Mkataba ulikuwa na kurasa kumi na nne. Ukurasa wa tisa haukuwapo.

Katika kazi yangu, faili ya mgonjwa ikikosa ukurasa hatuchomi sindano. Tunautafuta kwanza. Kwa hiyo niliandika maswali saba, nikayatuma kwenye kundi la familia. Nayaweka hapa ili yamfae yeyote atakayeyahitaji.

Kwanza, ardhi inabaki ya nani? Kukodisha si kuuza. Mkataba utaje miaka, na useme wazi nini kinatokea miaka ikiisha, majengo yakiwamo.

Pili, pesa inaangukia wapi? Ikiingia kwenye akaunti moja ya kamati, hesabu zisomwe mbele ya wanahisa. Ikiweza kwenda moja kwa moja kwa simu ya kila mwenye hisa, ni bora zaidi.

Tatu, watalii wasipokuja itakuwaje? Tumeona mwaka 2020. Kuwe na kodi ya chini ambayo lazima ilipwe, na akiba ya miaka mibaya. Familia isiache kilimo na mifugo kwa kutegemea mgeni ambaye anaweza kughairi safari.

Nne, mifugo itachunga wapi wakati wa ukame? Hili ndilo swali la Khalifa kwa Hunay. Mwenye mbuzi kumi ana njia ya kuingia? Asipokuwa nayo ataingia usiku, na hapo ndipo ugomvi na walinzi huanza.

Tano, nani anabeba hasara? Kambi inapata pesa kwa ndovu anayelala huku akila kule. Sehemu ya mapato iende kwenye mizinga ya nyuki, uzio wa matangi ya maji, gari la kumkimbiza majeruhi hospitali na msaada wa haraka kwa familia inayosubiri fidia ya serikali.

Sita, majina ya nani yamo kwenye daftari? Hisa yetu iko kwa jina la baba, na baba alifariki. Mama amelima karibu na ranchi ile miaka arobaini lakini jina lake halimo popote. Kabla ya kuzungumzia ndovu tufuate urithi. Wajane wengi hukosa mgao kwa sababu ya karatasi hiyo moja.

Saba, tukitaka kutoka tunatokaje? Mkataba usio na mlango wa kutokea ni zizi.

Sisi tulio mbali tufanye nini?

Msidhani haya ni ya wenye hisa tu. Sisi wa ughaibuni tunarudi likizo na pesa, na wengi wetu tunawapeleka watoto kuona wanyama ambao wamewajua kwa katuni. Binti yangu wa miaka saba aliwahi kuniuliza kama ndovu wa kwetu ni wakali kama wa sinema. Nilimwambia wana njaa kama sisi.

Unapopanga safari, uliza mambo machache kwa simu kabla ya kulipa. Kambi hii iko kwenye ardhi ya nani? Jamii inalipwa nini? Waongozaji na wapishi wanatoka wapi? Mwenye jibu safi hatakasirika kuulizwa. Mkiweza, laleni angalau usiku mmoja mahali panapomilikiwa na wenyeji, mnunue asali na shanga kwa aliyezitengeneza, na mtoto asikie kwa mkulima jinsi ya kulinda mahindi usiku. Picha ya ndovu atapiga, lakini pia atajua ndovu huyo anaishi kwa gharama ya nani.

Kwa wanafunzi, hifadhi za jamii zinahitaji walinzi na waongozaji, lakini zinahitaji pia wahasibu wa kukagua vitabu, wanasheria wa kusoma mikataba, madaktari wa mifugo, wauguzi wa zahanati za mbali. Hisa nyingi zimepotea kwa kukosa mtu wa familia mwenye saa mbili za kusoma karatasi. Wewe uliye chuoni unaweza kuwa mtu huyo, hata kama somo lako ni jingine.

Kwa sisi wafanyakazi, tutume pesa, lakini tutume na maswali. Na tukishauliza, tuwaachie neno la mwisho wanaolala karibu na ndovu. Mimi nitasikia mlio wa debe kwenye simu. Wao wanausikia dirishani.

Ukurasa wa tisa

Tulikutana kwa video Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana. Kaka wawili walikuwa Taita, dada yetu Mombasa, mimi Jeddah nimekaa chini karibu na dirisha penye mtandao mzuri. Mama alikuwa ameketi nyuma ya kaka mkubwa, hajasema kitu.

Ukurasa wa tisa ulikuwa umepatikana kwa katibu wa kamati, umekunjwa ndani ya daftari. Haukuwa umefichwa, alisema, ulisahaulika kwenye mashine ya kunakili. Ulikuwa na vipengele vya malisho na vya kuvunja mkataba. Malisho yaliruhusiwa "kwa idhini ya msimamizi", bila kusema lini wala wangapi. Ndani ya maneno hayo manne ndimo mbuzi wa shangazi walimokuwa wamepotea.

Kaka mdogo alitaka tukubali tu, pesa ni pesa. Dada alitaka tukatae, wageni ni wageni. Ndipo mama akaomba simu. Alisema ameishi na ndovu tangu alipoolewa, hawachukii, ila amechoka kuwalisha peke yake. "Wakitaka tuwatunze, waje tukae mezani. Waandike mbuzi wataingia mwezi gani. Na mimi waniandike jina."

Basi hilo ndilo lililokuwa jibu letu. Kaka alilipeleka kwenye mkutano, akakuta familia nyingine zina maswali yanayofanana na yetu. Kura haikupigwa siku hiyo. Wanahisa walichagua watu watano, wawili wanawake, wakae na mwekezaji waandike upya vipengele vya malisho, hasara na kodi ya chini. Mwekezaji amekubali kusubiri hadi baada ya mvua. Karatasi za urithi wa hisa ya baba zimeanza kushughulikiwa, na jina la mama limetangulia.

Sijui kura ikija itakwendaje. Juzi usiku nilipokuwa zamu kaka alituma sauti nyingine, saa tisa kasorobo. Nyuma yake debe lilikuwa linagongwa. Alisema mahindi yamebaki wiki mbili tu kuvunwa, na kwamba ndovu mmoja, jike na ndama wake, wamesimama ng'ambo ya korongo, wanangoja.